Sajini wa Ndege ya Amri Aenda Kuposa Kianjai

Katika Runyenjes nzima, mtu anayejua kuongea na watu mpaka wakakubali ni mimi. Sijisifu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na mashahidi wengi bado wako hai. Niliacha shule darasa la saba, na mwalimu wangu alisema mbele ya wazazi kwamba ningebaki mwaka mmoja zaidi, angeacha yeye. Lakini leo, wapwa zangu, msitarajie habari zangu. Leo nawaandikia habari za shemeji yangu Nthiga, sajini mstaafu, ambaye hajui kuongea hata kidogo, na jinsi ukoo mzima ulivyompa kazi ya kuongea, huko Kianjai kwa Wameru, siku ambayo ndoa ya kijana wetu Munyi ilikuwa inaning'inia.

Kwanza mumjue. Nthiga ni ndugu wa marehemu mume wa dada yangu Celina. Ana shamba la kahawa la mteremko mkali. Ukisimama juu, mtu aliye chini unaona kofia tu. Ni mrefu, mkavu, na masharubu yake yamekatwa sawa kama ua wa misheni. Tangu arudi kutoka jeshini, ukimwambia neno lolote lenye kazi ndani yake, hajibu ndiyo wala hapana. Analirudia kwanza. Mkewe Ciku akimtuma sokoni, "Lete chumvi, kiberiti na nyanya ambazo hazijaiva sana," anasimama wima pale jikoni.

"Nimepokea. Chumvi, kiberiti, nyanya ambazo hazijaiva sana. Ni sahihi?"

Na Ciku lazima aseme ni sahihi, la sivyo mtu haendi popote. Siku moja alichoka, akanyamaza makusudi ili aone. Nthiga akabaki amesimama mlangoni na kikapu mkononi mpaka maharagwe yakaungua.

Kanisani pasta akimaliza kwa kusema, "Nendeni mkapendane," sauti inatoka benchi la nyuma: "Nimepokea, tukapendane." Vijana wa boda boda wanamwita Redio. Jina hilo nililianzisha mimi, na silijutii, maana ni jina zuri.

Watu walikuwa wakimuuliza amepigana vita gani. Anajibu hakuwahi kumfyatulia mtu risasi. "Sasa ulikuwa unafanya nini?" "Nilikuwa nasikiliza." Hapo watu wanacheka mpaka wanashika magoti. Mtu aende jeshini ujana wake wote, arudi na mvi, na kazi iwe kusikiliza! Nilicheka pia, na mimi si mtu wa kucheka jeshi, maana nilikaribia sana kuwa askari. Siku ya kuandikisha, pale uwanjani, nilikimbia kuliko vijana wote wa wilaya. Ni vile tu sindano zilipotolewa, nikawa nimekimbia kuelekea nyumbani.

Basi siku moja ya mvua tulikuwa chini ya bati lake tukisubiri itulie turudi kukata matawi ya kahawa, nikamchokoza, "Redio, hebu niambie. Ulikuwa unasikiliza nini, ndege?"

"Ndiyo," akasema. "Ndani ya ndege."

Nikakaa sawa. Kumbe mtu ana kitu.

Alichoniambia, nawaambia kama nilivyokielewa, na mimi naelewa haraka. Jeshi likienda kazini, kamanda hukaa mahali fulani na ramani zake, na amri hutoka kwake kwenda kwa watu walio mbali. Sasa fikirieni nchi ya milima kama hii yetu. Kikundi kimoja kiko bonde hili, kingine bonde lile, katikati kuna mgongo wa mlima. Redio ya huku haisikii ya kule. Hapo zamani walikuwa wanapandisha watu kilimani na redio mgongoni, wapokee huku, wapitishe kule. Lakini kilima hakihami. Adui akishajua umekaa kilima gani, kesho hupo. Na hata ofisi ya kamanda yenyewe, ikikatwa au ikichomwa, askari wote wanabaki kama kuku waliofunguliwa sokoni.

Ndipo wakaamua ofisi ipae. Walichukua ndege ya zamani ya kubeba mizigo, wakang'oa viti, wakafunga meza kwa bolti kwenye sakafu, wakajaza redio ukutani kutoka mbele mpaka mkiani. Kamanda anakaa katikati, mtu wa ramani mbele yake, na wasikilizaji wamejipanga ubavuni, kila mmoja na vifaa vyake masikioni. Ndege inapanda juu ya milima yote inazunguka, inazunguka, na huko juu inasikia mabonde yote mawili kwa pamoja. Baadaye wakapata ya pili, ili moja ikishuka kunywa mafuta nyingine iwe imeshapanda, mbingu isikae bila mwenyewe. Mataifa makubwa nayo yana ndege kama hizo, alisema, ili hata wakubwa wote wa chini wakipotea, amri iendelee kutoka juu. Hicho ndicho kilikuwa kikosi chake: kikosi cha amri angani. Na Nthiga alikuwa kwenye kiti cha kupokea na kupitisha.

"Sasa kupitisha ni kazi gani?" nikamuuliza. "Hata mama mboga anapitisha maneno."

"Mama mboga anaongeza," akasema.

Nikamwambia hilo ni kweli.

Akanieleza sheria. Unapokea, unarudia, ukiambiwa ni sahihi unapitisha. Huongezi. Hupunguzi. Husemi vizuri zaidi. Mwaka mmoja wa mvua kubwa walipaa kusaidia watu waliozingirwa na mafuriko huko chini kwenye tambarare. Kikundi cha askari kilikuwa juu ya mwamba na raia waliowaokoa, wamelowa, wanatetemeka, wanauliza kila saa gari linakuja lini. Amri ya kamanda ilikuwa fupi: kaeni juu. Jamaa aliyekaa kiti cha pili, karibu na Nthiga, mtu mwenye roho nzuri sana, aliwaonea huruma. Akapitisha: kaeni juu, gari liko karibu. Hayo ya mwisho aliongeza yeye, kuwapa moyo. Wale vijana waliposikia karibu, wakashuka barabarani wawahi kulipokea. Maji yakaja. Walitoka wote isipokuwa kijana mmoja.

"Mlijuaje?" nikauliza.

"Tulisikia," Nthiga akasema, akachukua makasi yake akaenda kukata kahawa kwenye mvua.

Mitambo mipya ilipokuja, ya kurusha sauti kutoka kwenye setilaiti, na vindege visivyo na rubani, kikosi kikapunguzwa pole pole mpaka kikaisha. Ile ndege ya kwanza imeegeshwa mahali, magurudumu yamelala. Nthiga akaja nyumbani na pensheni, koti la kijani, na ile tabia. Na tangu siku ile ya mvua, mimi bado namwita Redio, lakini nikimwita naweka heshima mbele: Sajini Redio.

Sasa tuje kwa Munyi. Munyi ni mtoto wa pekee wa dada yangu Celina. Babake alifariki kijana akiwa mdogo, na ni Nthiga aliyemlipia shule na kumfundisha kunyoa ndevu. Munyi ni fundi wa mashine za kukoboa kahawa viwandani, mikono yake inanuka grisi hata Jumapili. Kazi hiyo ilimpeleka Githongo, kwa Wameru, msimu mmoja, huko akampata Kajuju, msichana wa Kianjai aliyekuwa akifundisha shule ya chekechea. Alimpenda vibaya. Alianza kunywa chai bila kukumbuka kuweka sukari. Mimi mjomba wake ndiye niliyegundua, maana ile sukari iliyobaki ni mimi niliyekuwa naimaliza.

Kuposa kwa Wameru kuna mambo yake. Huendi mikono mitupu ukasema unataka mtoto. Unapeleka kifungu cha miraa bora, kilichofungwa kwa majani ya mgomba na kamba yake, unakiweka mbele ya baba. Kikipokelewa kinakaa hapo kimefungwa huku watu wakiongea. Wakielewana, msichana anaulizwa, na akikubali baba anakifungua. Kikirudishwa kimefungwa, nendeni nyumbani, mlango umefungwa pamoja nacho. Na wenye maneno hawaongei wenyewe. Kila upande una msemaji. Mkitaka kushauriana mnatoka nje, mnaongea yenu ya moyoni, halafu msemaji anarudi ndani na maneno yamevalishwa nguo safi.

Hapo mnaona wazi kazi hii iliumbwa kwa ajili yangu. Lakini wazee wa ukoo wakasema siku ya kwanza lazima aseme mtu wa upande wa baba. Mimi ni wa upande wa mama. Mtu wa upande wa baba aliyebaki hai, asiyekunywa pombe, na ambaye Wameru hawawezi kumkataa, akawa ni Nthiga. Nilimwita kando nikamfunza. "Sajini, kazi ni rahisi. Sisi tukikuambia, peleka kwao. Wao wakikuambia, leta kwetu."

"Nimepokea," akasema, na uso wake ukang'aa kama mtu aliyerudishiwa kiti chake. "Napeleka kwao, naleta kwenu. Ni sahihi?"

"Sahihi kabisa," nikasema. Ningejuaje?

Tukafika Kianjai Jumamosi, tukapokelewa vizuri, tukakalishwa sebuleni chini ya picha za mahafali. Baba wa msichana, mzee Kailemia, alikuwa amekaa kiti cha pembeni na miwani myeusi, fimbo katikati ya magoti, haongei. Alikuwa mjane. Msemaji wao alikuwa ndugu yake Mbae, mtu mnene mcheshi, nilimpenda mara moja kwa sababu alinikumbusha mimi. Kiembu chetu na Kitigania, Kimeru cha huko kwao, si kitu kimoja, kwa hivyo tulikubaliana Kiswahili, kila mtu avunje chake.

Mbae akasimama. "Wageni, tumewaona mmekuja wengi, na viatu vimepakwa rangi. Si mmepotea njia nyinyi?"

Kila mtu duniani anajua jibu la hapo. Unasema, hapana, tulikuwa tunapita tukaona ua zuri ndani ya boma hili, tukashindwa kuendelea. Nthiga akasimama wima.

"Nimepokea. Umeuliza kama tumepotea njia. Jibu: hatukupotea. Tulikata kona baada ya soko, kama tulivyoelekezwa."

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Nikamvuta koti. "Sema ua!"

"Nimeongezewa," akawaambia. "Ua."

Mbae alicheka mpaka akajipangusa machozi, akasema hajawahi kupata wageni wanyoofu namna hii. Kifungu kikawekwa mezani, kikapokelewa. Nilidhani tumeshinda.

Kumbe mzee Kailemia hakuwa amecheka. Alimwita Mbae sikioni, na Mbae akaanza kutaja wanachotaka. Dume la ng'ombe. Tukakubali. Asali ya msituni, si ya duka. Tukakubali. Tangi la maji. Tukatazamana, tukakubali. Kila tulipokubali moja, mzee anamwita Mbae tena sikioni, na lingine linazaliwa. Dume liwe leupe lisilo na doa. Mablanketi ya mashangazi wote. Kisha, nyumba ya mawe ijengwe kwanza, harusi baadaye. Mbae mwenyewe alianza kutaja akiwa ameangalia chini.

Tukaomba ruhusa kutoka. Nyuma ya ghala la mahindi dada yangu Celina akafumuka. Celina ni mama mpole wa kanisa, lakini amelea mtoto peke yake, na ukimgusa hapo utajua hujui.

"Mwambie huyo mzee kama hataki kuozesha aseme, asituchezee! Binti yake si wa kwanza kuzaliwa Kianjai. Na chai yake ni maji yaliyoonyeshwa maziwa kwa mbali!"

Sasa maneno kama hayo, msemaji anayapokea, anayameza, akifika ndani anasema: mama ameshukuru kwa chai, anaomba mzee amwonee huruma. Ndivyo tunavyoishi. Ndiyo maana ya kuwa na msemaji.

"Nimepokea," Nthiga akasema. Akayarudia yote, moja baada ya jingine, mpaka maziwa. "Ni sahihi?"

"Sahihi!" Celina akafoka.

Nthiga akageuka akaenda. Mimi nilikuwa na hindi la kuchoma mdomoni, nikadhani anaenda msalani. Nilipomwona anapanda ngazi za nyumba nilitupa hindi nikakimbia, na ile mbio yangu ya uwanjani ilikuwa imeniacha zamani. Nilifika mlangoni akiwa kwenye maji yaliyoonyeshwa maziwa.

Jikoni sufuria ikaanguka. Mzee Kailemia akapapasa fimbo yake, akasimama.

"Mbae. Hicho kifungu kirudishe kwa gari lao."

Mbae akakibeba, akatoka nacho bila kumwangalia mtu, akakiweka juu ya nyasi langoni. Bado kimefungwa.

Munyi alikuja akasimama mbele ya kile kifungu kama mtu aliyeambiwa atambue maiti. Kisha akamgeukia Nthiga. "Baba mdogo. Kwa nini?"

"Nilipewa."

"Si uliona hayo si ya kupeleka?"

"Niliona."

"Na ukapeleka!"

"Munyi," Nthiga akasema, kofia ameivua, anaizungusha mikononi, "nikianza kuchagua..." Akaishia hapo. Mimi ndiye niliyejua habari ya mwamba na mafuriko, nikataka kumwelezea kijana, lakini nilimwangalia uso nikaona si saa ya hadithi. Celina alikuwa ameketi kwenye jiwe, mikono kichwani, analia kwamba ameua ndoa ya mtoto wake kwa mdomo. Nikamwambia, "Usilie, dada, twende nyumbani, nitakuja mimi mwenyewe mwezi ujao nirekebishe." Na ningerekebisha. Lakini ukweli ni kwamba mlango wa Mmeru ukishafungwa na kifungu, hata mimi ningefikia dirisha tu.

Nthiga akavaa kofia. "Upande mmoja umesema," akasema. "Wa pili haujasema. Naenda kuchukua jibu."

"Jibu si hilo hapo kwenye nyasi!" nikamwambia.

"Hicho ni kifungu. Si neno."

Akaenda. Nikamfuata, maana mtu kama huyo haachwi peke yake mara mbili. Mzee alikuwa amebaki sebuleni na Mbae tu. Nthiga akasimama mbele yake, visigino pamoja.

"Mzee, mimi si mtu wa maneno. Jeshini nilikuwa napokea huku napitisha kule. Ya kwetu nimekuletea yote, hata mabaya. Sasa nipe ya kwako. Hata yakiwa mabaya nitayafikisha yote."

"Bado uko hapa?" mzee akasema.

"Niko."

"Basi peleka!" Mzee akagonga fimbo sakafuni. "Waambie wana kiburi! Waambie ng'ombe wangu amekauka tangu jua lile la kiangazi, na hayo maziwa kidogo niliomba kwa jirani! Waambie wamekuja kumchukua mtoto kama watu wanaochukua gunia la viazi, wanauliza uzito tu! Kuna aliyeniuliza nitabaki na nani? Hata mmoja? Nikitaja dume, wanakubali. Nikitaja tangi, wanakubali. Nitataja nini ndio wakatae waende? Macho yangu yameisha. Huyo Kajuju ndiye ananishika mkono kliniki, ndiye ananitilia dawa, ndiye ananiambia huyu anayenisalimia ni nani. Akienda Embu, mimi nitakuwa nimekaa hapa kwa hiki kiti kama... kama..."

Mbae alikuwa amemtolea macho. Hata ndugu yake hakujua yamefika hapo. Mzee akashusha sauti.

"Hiyo ya macho usipeleke."

Nthiga hakusema nimepokea. "Mzee," akasema hatimaye, "mimi sijui kuacha neno. Nikiacha hili, nitakuwa nimepeleka hasira peke yake, na hasira peke yake si ujumbe wako. Ukisema nisipeleke, sitapeleka chochote, nitaenda nikae kwa gari. Wewe ndiye kamanda. Niamrishe."

Mzee alivua ile miwani myeusi akaipangusa kwa shati, ingawa sijui alitaka kuona nini.

"Peleka," akasema. "Lakini sema polepole."

Nthiga akarudi langoni akayasema yote. Kiburi, ng'ombe aliyekauka, maziwa ya jirani, gunia la viazi. Alipofika kwenye macho akasema polepole kama alivyoagizwa, bila kuongeza huruma yake, na wala haikuhitajika. Celina aliacha kulia akamwangalia Munyi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua haoni vizuri," Munyi akasema. "Kajuju aliniambia ni kidogo tu. Mama, alikuwa ananificha. Alidhani nitaogopa."

"Na utaogopa?"

"Mashine za kahawa ziko hata huku. Githongo peke yake wananiita kila msimu." Akasita. "Lakini wewe je?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, wapwa zangu, na msijifanye ni rahisi. Kwetu mwana wa pekee kwenda kukaa kwa upande wa wakwe, watu wanasema ameolewa yeye. Watasema sokoni, watasema kanisani, na mwingine aliye na mdomo kama wangu atapata cha kula mwaka mzima. Na Celina angebaki peke yake kwenye ile nyumba aliyomlelea. Alikaa kwenye jiwe, anavuta uzi uliotoka kwenye leso yake. Nilifungua mdomo mara moja, Nthiga akaniangalia, nikaufunga.

"Sajini," Celina akasema. "Pokea."

Nthiga akasimama wima.

"Mwambie mzee nimekosa. Hasira ndiyo ilisema, na chai ilikuwa chai. Mwambie Munyi atapanga nyumba hapa Kianjai, karibu, mahali pa kutembea kwa miguu. Mimi nina shemeji, nina Ciku, nina kanisa, nina huyu kaka yangu ambaye hata nikitaka kuwa peke yangu hataniacha. Yeye hana mwingine. Mwambie hatumchukui mtoto wake. Tunamwongezea mtu mmoja." Akapangusa uso. "Basi. Hayo tu."

Nthiga akaanza kurudia. Alifika kwenye hatumchukui, sauti ikamkwama, ikabidi aanze tena kutoka mwanzo, maana kwao jeshini neno likikatika katikati unarudi mwanzo. Mara ya pili akamaliza. "Ni sahihi?"

"Ni sahihi, shemeji."

Safari hii alibeba na kifungu. Tulimfuata wote mpaka barazani, tukasimama hapo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alimwambia mzee yote. Mzee alimgeukia Mbae, akasema kwa Kimeru neno fupi, kisha akakumbuka, akamgeukia Nthiga.

"Wewe unayepeleka. Nenda jikoni. Mwulize Kajuju kama anawajua hawa watu, na kama nifungue."

Nthiga akaenda jikoni. Tulimsikia akiuliza vile vile, bila pambo, kisha sauti ya msichana, yenye kamasi ya kilio, ikisema kitu kirefu. Na Nthiga akirudia. Na yeye akisema ndiyo, sahihi.

Alirudi sebuleni. "Kajuju anasema: anawajua. Anasema fungua. Anasema kliniki ni Jumanne kama kawaida, mtaenda naye, na mkirudi Munyi atakuwa ameangalia ile pampu ya kisima inayopiga kelele."

Munyi, pale barazani, alisema kwa sauti ya chini kwamba pampu hiyo inahitaji tu washa mpya, ile pete ya mpira. Nikamkanyaga mguu.

Mzee akavuta kifungu magotini. Mbae akainuka kumsaidia, mzee akamsukuma kwa kiwiko. Akaanza kuitafuta kamba kwa vidole, akazungusha kifungu, akapata fundo, likamponyoka, akalitafuta tena. Lilikuwa fundo gumu, la watu wa Embu wasiojua kufunga miraa. Chumba kizima kilimwangalia, Celina mlangoni, Kajuju nyuma yake akiwa na unga mikononi, na hakuna aliyemharakisha. Hata mimi nilinyamaza, na nyinyi mnanijua. Nthiga alisimama kando ya kiti cha mzee, mikono nyuma, akisubiri, mpaka fundo likakubali na majani ya mgomba yakafunguka.